Bibi wa Foleni

Mara ya kwanza nilipomwona, alikuwa ameinama ndani ya pipa la karatasi. Kiwiliwili chake hakikuonekana. Nilichoona ni sketi ya sufu, soksi nene na viatu vya mvua, na kutoka ndani ya pipa ilikuja sauti ya mtu anayejisemea kwa Kiswahili: "Huyu naye. Na huyu. Ah, ndugu zangu, jamani."

Nilikuwa nimehamia Hjulsta, Uswidi, siku si nyingi, kwenye kituo cha mwisho kabisa cha njia ya buluu ya treni ya chini ya ardhi. Nilikuwa nimeshuka kwenye chumba cha takataka cha jengo letu na mfuko wa matangazo, nikadhani masikio yananidanganya. Alipojiinua nikaona bibi mwembamba, mweusi kama mimi, nywele nyeupe zimesukwa kwa nyuma, mikononi kavaa glavu za mpira za kuoshea vyombo. Alishika kadi nane au tisa, nyingine zimepata mchuzi wa piza. Akaniuliza jina na namba ya mlango wangu, akazipekua, akatoa moja, akaifuta kwenye sketi yake, akanipa.

"Ndugu, hii uliitupa jana."

Nikamwambia ni tangazo tu. Kila siku yalikuja mengine: ya piza, ya miwani, ya mazulia.

"Ni tangazo kweli," akasema. "Linatangaza kwamba wewe ni mtu."

Naomba nieleze kosa lenyewe, maana mimi ni mwalimu na siwezi kupita kosa bila kulieleza. Katika nchi hii, uchaguzi ukikaribia, kadi ya mpiga kura huletwa kwa posta mpaka mlangoni. Ni karatasi ya kawaida, haina picha wala alama ya kidole. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tumezoea kwamba kadi ya kura unaifuata wewe mwenyewe: unapanga foleni tangu alfajiri, unabonyeza kidole kwenye mashine, unaondoka na kitu kigumu unachokificha pamoja na cheti cha kuzaliwa. Kitu kilichoingia mlangoni bila kuombwa, tena kimelala juu ya bei ya nyama ya kusaga, tulikiona hakiwezi kuwa na thamani. Na wengi hatukuwa raia, tukaamini hakituhusu. Kumbe mtu aliyeandikishwa kuishi hapa miaka mitatu ana haki ya kuchagua serikali ya mji na ya mkoa, na hao ndio wanaoamua habari za shule, maktaba, na nyumba za wazee ambamo nusu yetu tunafanya kazi. Yule bibi alilijua kosa letu. Kwa hiyo kila mwaka wa uchaguzi, kwa majuma mawili, alishuka kwenye chumba cha takataka asubuhi na alasiri, akatuokota mmoja mmoja.

Nilimfahamu kwa miaka kumi na minane. Watanzania tulimwita Bibi, Wakenya walimwita shosho, Wakongo walimwita Mama Mzee. Watoto, ambao huwaona watu vizuri kuliko sisi, walimwita Bibi wa Foleni. Yeye alituita sote "ndugu", wanaume kwa wanawake, hata mtoto wa chekechea, kwa sababu Kiswahili alikipata Dodoma enzi za Ujamaa, na akakihifadhi jinsi alivyokipokea. Alikuwa Mmarekani mweusi wa majimbo ya kusini. Alikwenda Tanzania akiwa bado kijana, akafundisha kupiga chapa kwa miaka tisa, akaolewa na Mswidi mchimba visima, akaja naye huku, akamzika huku. Ukitaka kujua zaidi ya hapo, alizaliwa wapi na kwa nani, alikukata kwa upole. "Kuzaliwa kila mtu amezaliwa," alisema. "Niulize nilisimama wapi."

Kusimama alikujua. Uswidi ni nchi ya foleni; hata kwenye duka la dawa una namba yako ya karatasi, na hakuna anayemsukuma mwenzake. Lakini hata Waswidi walimshangaa. Siku moja tulikuwa kwenye duka la dawa katika jumba kubwa la maduka la Kista, mtaa wa jirani, kompyuta zao zikazimika zote. Watu waliangalia saa, wakaondoka mmoja mmoja. Yeye akabaki katikati ya sakafu tupu, namba yake mkononi, kwa muda wa saa nzima na zaidi. Mhudumu alimletea kiti. Akakataa.

"Bibi, kaa tu," nikamwambia. "Tumebaki sisi wawili."

"Nikikaa, nani atajua kwamba niko kwenye foleni?"

Nilichoka, na nilikuwa na darasa, lakini sikuthubutu kuondoka. Kompyuta zilipowaka, yule mhudumu aliita namba kumi na moja za watu ambao hawakuwapo, moja baada ya nyingine, kwa sababu ndivyo utaratibu ulivyo. Yeye akangoja kila moja iitwe, ametulia kama mtu aliye kanisani. "Foleni haiachwi, ndugu," aliniambia tulipotoka. Nilifikiri ni methali tu ya mzee.

Kila Jumatano ya majira ya kiangazi kabla ya uchaguzi, alitufanyisha mazoezi ya kupiga kura katika chumba cha mikutano cha jengo. Alitundika shuka la maua kwenye kamba, nyuma yake akaweka meza na penseli. Hapa kila chama kina karatasi zake. Unachukua za vyama kadhaa ili jirani asijue lako, kisha nyuma ya pazia unatia moja kwenye bahasha. Nyeupe ni ya mji, buluu ni ya mkoa, njano ni ya bunge, na hiyo ni ya raia tu. Ili tusigombane kwa siasa za kweli, alitutengenezea vyama vyake: Chama cha Ugali, Chama cha Wali na Chama cha Chapati.

Haikusaidia. Tuligombana vilevile. Siku moja matokeo yalitangazwa na Chapati ikapata kura nne. Akasimama Mkenya mmoja, mhandisi wa mitambo ya simu kule Kista, mtu wa maneno mengi na moyo mweupe.

"Shosh, wafuasi wa Chapati humu ndani ni kumi. Nimewahesabu kwa macho yangu wakila. Tumeibiwa."

"Hesabu tena, ndugu," Bibi akasema. "Tena usihesabu peke yako. Nyote hesabuni."

Tulihesabu mara tatu. Zikabaki nne. Mama mmoja wa Bukavu akacheka mpaka akashika ukuta. "Bon, wanakula Chapati lakini kura wanapea Wali. Mwanasiasa, karibu Kongo!" Bibi ndiye pekee ambaye hakucheka. Alizikusanya zile karatasi za ugali na wali kwa mikono miwili, akazifunga kwa uzi, akazitia kwenye kasha kana kwamba mahakama ingezitaka kesho.

Mtu wa namna hiyo ungetegemea awe na hadithi za wakubwa. Hakuwa nazo. Alikuwa amefanya kazi ya kuandikisha wapiga kura weusi kusini mwa Marekani katika miaka ya hatari, lakini jina kubwa likitajwa aliinuka kwenda kuchemsha maji. Ninafundisha Kiswahili kwa watoto wa hapa, lugha ya mama zao, alasiri baada ya vipindi vingine. Mwaka mmoja wanafunzi wangu wawili, wasichana, walipewa kazi ya shule kuhusu mapambano ya watu weusi wa Marekani. Nikawapeleka kwake. Walikuwa na picha ya kiongozi yule ambaye kila mtoto anamjua, amesimama mbele ya vipaza sauti. Wakamwuliza, kwa Kiswidi, kama aliwahi kuwa karibu naye.

Akasema ndiyo, siku moja kanisani. Wasichana wakakaa wima.

"Mimi nilikuwa jikoni," akaendelea. "Watu wote wale watakula nini? Niliona visigino vya viatu vyake vikipita mlangoni. Vilikuwa vimelika upande. Haya, sasa chukueni kalamu. Andikeni: msusi."

Wakaandika msusi. Akawaeleza kwamba katika wilaya yake walimu weusi waliogopa kufukuzwa na wakulima waliogopa kunyang'anywa shamba, lakini msusi alilipwa na wanawake weusi wenzake, basi hakukuwa na mzungu wa kumfukuza. Kwa hiyo saluni yake ndiyo ikawa shule. Wanawake wazima walijifunza kusoma wakiwa wameweka vichwa chini ya mashine za kukausha nywele, kwa sababu karani wa uandikishaji alikuwa na hila. Alikupa kifungu cha katiba ukisome na ukieleze, na yeye peke yake ndiye aliyeamua kama umeeleza sawa. Mzungu alipewa mstari mmoja; mweusi alipewa ukurasa. Mwenye shahada alishindwa.

"Sasa andikeni: mwenye gari la maiti." Huyo aliwasafirisha vijana wa kazi ile kutoka mji hadi mji, wamelala nyuma chini ya shada za maua, maana hata askari mkorofi huvua kofia msiba ukipita. Baada yake wakaandika mfua nguo, kisha mama aliyeacha taa ya ukumbi wa mbele ikiwaka ili mgeni ajue nyumba salama. Saa mbili zikapita, na wasichana wakajaza kurasa. Nasikia mwalimu wao wa shule aliwauliza habari hizi wamezipata wapi, mbona hazimo kitabuni. Wakamjibu: Hjulsta, ghorofa ya tatu.

Watu hao wote alikuwa nao kwenye daftari la mistari, la jalada la buluu, kama la shule ya msingi. Kila mmoja jina, kazi yake, na alichofanya. "Vitabu vikubwa vimejaa," alisema. "Hili ni la waliobaki jikoni." Nililisoma mara nyingi, na kila mara nilijiona mdogo, kwa namna nzuri, kama unapoinua macho ndani ya msikiti mkubwa. Jambo moja tu sikulielewa. Orodha ilianza mstari wa pili. Wa kwanza ulikuwa mtupu. Nilipomwuliza, alisema huo ni wa mtu ambaye bado yuko kwenye foleni.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mkaidi, na alikunywa kahawa nyeusi kama lami akamdharau anayetia maziwa. Mwanamke huyu aliyewahi kulala chini ya maua ya maiti ili apite vizuizi vya askari, aliogopa mbwa. Alivuka barabara akiona mbwa mdogo wa mapajani aliyevalishwa koti. Na kulikuwa na kubwa kuliko hilo, ambalo sote tulilijua na hakuna aliyelitaja: yeye mwenyewe hakupiga kura. Alikuwa raia tangu zamani, angeweza kuchukua rangi zote tatu. Siku ya uchaguzi alikaa kwenye benchi nje ya shule na chupa ya kahawa, akitutazama tukiingia na tukitoka, akatikisa kichwa kwa kila mmoja, kisha akaenda nyumbani.

Aliyelitaja alikuwa yule wa Chapati. Ilikuwa Jumatano, kwa utani wake wa kawaida. "Shosh, wewe ni kama kengele ya kanisa. Unaita watu waingie, wewe unabaki nje." Baadhi yetu walicheka. Bibi aliondoka mbele ya meza, akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi tayari, akaviosha vyote. Mhandisi alimfuata kuomba radhi. Aliambiwa hakuna kosa. Lakini hakuna aliyerudia utani ule.

Mwaka huu wa mwisho moyo wake ulichoka na macho yakapungua. Kuanzia majira ya kuchipua nilimnunulia mahitaji, nikamsomea barua. Kadi yake ya kura ilipofika, aliniambia niitie kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Nilipolifungua nikakuta kadi zake za chaguzi zote, moja juu ya nyingine, zimenyooka, hata moja haijaguswa. Aliyeokota kadi zetu takatakani, zake alizitunza kama barua za mpenzi. Nikashuka kutoka kwenye kiti na kopo mikononi.

"Bibi," nikasema, "kwa nini?"

Kulikuwa na siku tano tu kabla ya uchaguzi, na hata kufika dirishani alihitaji kushikwa mkono. Nadhani alijua kwamba asiposema siku ile, hatakuwa na uchaguzi mwingine wa kusemea. Akaniambia nikae.

Alikuwa na miaka ishirini. Katika saluni ya msusi alimfundisha kusoma mama mmoja, msafisha kanisa, mwenye miaka sitini na mitatu. Walisoma majira mawili ya baridi, ili mama yule aweze kifungu cha karani. Siku ya kuandikishwa ilipofika walipanga foleni pamoja nje ya mahakama ya wilaya, juani, tangu asubuhi. Mama alikuwa na mkoba mzito: maji, mkate, miwani. Akamwambia, "Nishikie mkoba, mwanangu, nami nikushikie nafasi." Mchana wakaja watu na mbwa. Hawakumfungulia mbwa. Walimpitisha tu kando ya mstari, polepole, kamba imelegea.

"Miguu iliamua kabla yangu," Bibi akasema. "Niliposimama nilikuwa nimefika reli, na mkoba wa watu uko begani."

Mama yule hakuondoka. Alifika mbele ya karani saa tisa. Akapewa karatasi. Akaiweka mbali, akaiweka karibu. Karani akasema, mnaona, hajui kusoma, akaandika hivyo kwenye faili. Jioni Bibi alimpelekea mkoba nyumbani kwake. Mama alitoa miwani, akaifuta kwa gauni, akasema neno moja: "Kesho tutarudi." Kesho yake kulikuwa na basi la kwenda kaskazini, na shangazi yake Bibi alikuwa amemkatia tiketi. Akapanda. Kabla baridi haijaisha, barua ya msusi ikamwambia yule mama amefariki. Alikuwa amerudi mahakamani mara tatu, peke yake, na mara zote tatu karani alifunga dirisha kabla hajamfikia.

"Nimekwenda mbali sana, ndugu," akasema. "Nimekwenda mpaka Dodoma. Nimekuja mpaka mwisho wa reli hapa. Lakini mimi nilitoka kwenye foleni. Aliyetoka hana namba."

Nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo nikimdhani hajui woga. Kumbe ujasiri wote ule niliouona, kadi zote zile zilizotolewa takatakani, vilijengwa juu ya mchana mmoja wa woga, na havikupungua ukubwa. Machoni pangu viliongezeka. Nikamwuliza kitu kimoja tu.

"Bibi, yule mama alisema atakushikia nafasi. Je, aliwahi kukuambia kwamba ameacha kukushikia?"

Alilivuta kopo la biskuti, akazipitisha kadi zake vidoleni moja moja.

"Hakusema," akajibu.

Sheria aliijua kuliko mimi, ndiye aliyetufundisha. Mgonjwa asiyeweza kufika hupiga kura nyumbani, mbele ya shahidi, na mjumbe anayemsaidia siku zote huibeba bahasha mpaka kituoni. Alisema mjumbe niwe mimi, na shahidi awe yule wa Chapati. Mhandisi alikuja kutoka kazini na koti lake la mvua, mpole kama mkwe. Bibi alitutaka tutundike lile shuka la maua kati ya viti viwili, akaingia nyuma yake na kioo cha kukuzia maandishi, akatuambia tutazame ukutani. Tulitazama ukutani karibu nusu saa. Mhandisi aliweza kuvumilia mpaka karibu na mwisho.

"Shosh, niambie tu si Ugali."

"Kura ni siri, ndugu," ikajibu sauti nyuma ya maua, na nilisikia inatabasamu. Akatoka, akatia bahasha zake ndani ya bahasha kubwa mbele yetu, akaifunga, akaweka sahihi. Sisi tukatia sahihi zetu.

Jumapili mvua ilinyesha. Foleni ilitoka mlango wa shule ikazunguka uwanja wa watoto, na mbele yangu alisimama mama wa Kiswidi na mbwa mkubwa wa kijivu, amelowa, kamba imelegea. Benchi la Bibi lilikuwa tupu. Niliukumbatia kifuani mkoba wangu, wenye bahasha ya Bibi. Maji yaliingia viatuni, na mara moja mama wa Bukavu, aliyekwisha kupiga kura yake, alinipungia mkono kutoka kwenye kibanda cha uwanjani akisema nije nijikinge, watanishikia nafasi. Nikamwambia asante, nasimama. Zamu yangu ilipofika, msimamizi alikagua kitambulisho changu, kadi ya Bibi na sahihi zote, akaniuliza kama yote yamefanyika kwa utaratibu. Nikasema ndiyo. Kura za Bibi zikaingia kwenye sanduku, njano, nyeupe na buluu.

Nilimkuta ameketi kitandani, amevaa gauni la kutokea na hereni. Hakuniuliza nani anaongoza.

"Kulikuwa na foleni?"

"Ndefu, Bibi. Mpaka kwenye bembea."

"Kulikuwa na mbwa?"

"Alikuwapo."

"Ukaondoka?"

"Sikuondoka."

Akafumba macho kidogo. Kisha akanyoosha kidole kwenye meza, palipokuwa na daftari la buluu, akaniambia nichukue kalamu, nifungue ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza. Akaanza kunitajia jina la yule mama, herufi moja moja, polepole, kama mtu anayemsubiri mwenzake atafute miwani.